Jioni ikifika papi anapandwa na mashetani

SWALI: Anko habari za kazi, mimi msomaji wako wa Kimara, Dar. Mume wangu alipewa mtoto wa mbwa na rafiki yake, kaja nyumbani ana mwezi mmoja na siku kadhaa tu, sasa hivi ana miezi mitatu na nusu, chotara wa German Shepherd, tunamwita Tomi. Mchana anashinda bandani manake sisi wote tunatoka na dada wa kazi anamuogopa, tukirudi saa kumi na mbili jioni tunamfungulia na hapo ndo balaa linaanza, anazunguka nyumba mbio, anavuta kanga yangu, anang'ata watoto miguu, wakipiga kelele ndo anazidi, juzi jirani anapita zake kwenda msikitini kamrukia na kanzu nyeupe, mzee wa watu ikabidi arudi kwake kubadilisha, nilitamani ardhi ipasuke. Nimempiga na ndala, anaikamata hiyo hiyo ndala anakimbia nayo. Mtu kaniambia nimpe Piriton alale, mwingine anasema nimpake pilipili mdomoni. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu pole, ila kwenye ndala nimecheka sana. Tuanze na hayo ya washauri wako. Piriton hapana, dawa ya binadamu usimpe mbwa bila daktari wa mifugo kukwambia, na zile za maumivu za ibuprofen na diclofenac ndo kabisaa usithubutu, zinaharibu tumbo na figo za mbwa. Pilipili itamuumiza tu, halafu ataanza kuogopa mkono wako, na mbwa anayeogopa mikono akikua ndo anakuja kung'ata kweli.

Sasa hesabu siku ya Tomi. Kama mnatoka saa kumi na mbili asubuhi basi yuko ndani masaa kumi na mbili, peke yake, hana cha kutafuna wala cha kunusa, alafu mlango unafunguka anakutana na watoto wanapiga kelele na mama anapeperusha kanga. Hata mimi ningekimbia. Mama akipiga kelele papi anasikia kelele za mchezo, ukivuta kanga anaona mnavutana, ukirusha ndala umempa toi. Yani kila kitu unachofanya kumzuia, kwake ni "endelea".

Kwahiyo anza mlangoni kwa banda. Ukifika anaruka, wewe simama tu angalia mwembe wa jirani, usimwite jina, usiseme "tulia". Miguu minne ikigusa chini fungua kidogo, akiruka funga. Siku ya kwanza utasimama pale mpaka mbu wakumalize, siku ya nne ya tano anaanza kuelewa. Akitoka mfunge kamba, mpeleke kwanza kujisaidia, watoto wabaki ndani kwa dakika kumi za mwanzo.

Alafu chukua trei la mayai, lile la karatasi, tupia dagaa wakavu kwenye vile vishimo, likunje, mpe. Mimi wangu nilipompa mara ya kwanza alilizunguka kama mara tatu hivi, akaweka kucha juu, akazamisha pua, na nyumba nzima ikawa kimya unasikia pua tu inavuta hewa. Robo saa kamaliza, kalala pale pale juu ya vipande vya karatasi. Kunusa kunamchosha mbwa sana, watu wengi hawaamini hili mpaka waone. Kaa nae karibu tu asimeze karatasi yenyewe, na wali wa jana ulioumwaga kwenye majani autafute nao unafanya kazi ile ile.

Na hapa ndo wengi mnakosea, mnataka achoke kwa kukimbizwa. Mbwa wa umri huo analala karibu masaa 18 kwa siku, na kama ulishaona mtoto wa miaka miwili aliyekosa usingizi wa mchana jinsi anavyokuwa kichaa saa mbili usiku, basi ndo Tomi huyo. Amecheza nusu saa, amekula, mrudishe sehemu yake tulivu na kitu cha kutafuna, sio adhabu, ni kulala.

Meno sasa. Kuondolewa kwa mama ana mwezi mmoja ni mapema mno, angekaa mpaka wiki nane, manake wenzake ndo wanamfundisha, akimng'ata mwenzie kwa nguvu anapigiwa ukelele na mchezo unaisha. Hilo somo Tomi hana, inabidi nyie mlifundishe. Tena meno ya utoto yanaanza kung'oka anapokaribia miezi minne na fizi zinawasha mpaka miezi sita saba hivi, kwahiyo loweka kipande cha taulo kuukuu, kikunje, weka friza, kikiganda mpe. Akikamata kanga usivute, simama kama nguzo, mpe taulo. Akiendelea ondoka ingia ndani ufunge mlango nusu dakika, urudi kama hakuna kilichotokea. Watoto nao wafundishe, akija kasi wasimame, mikono kifuani, kimya (mapacha wangu iliwachukua wiki mbili, na wao ndo walikuwa wagumu kuliko mbwa). Akimtoboa mtu ngozi osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na muende hospitali hata kama kidonda ni kidogo, na chanjo ya kichaa cha mbwa kwa umri huu anatakiwa awe ameshapata, cheki kadi yake leo.

Dada wa kazi asilazimishwe kumshika. Saa sita mchana akiona Tomi katulia bandani arushe dagaa wawili kupitia wavu aondoke zake, hivo tu, baada ya muda uoga utapungua pande zote mbili. Kwa yule mzee nenda mwenyewe na mume wako mkaombe radhi, mjitolee kufua kanzu, na muda wa swala Tomi awe kwenye kamba au ndani ya geti.

SWALI: Sasa anko, mimi niko Kisauni, Mombasa. Papi wangu ana miezi minne, kila nikitoka kazini nikifungua mlango anafurahi hadi anajikojolea kwa tiles. Nikimgombeza ndio anakojoa zaidi. Ni ugonjwa?

JIBU: Ukimgombeza anazidi kwa sababu hapo anakuomba msamaha kwa mkojo, ndivyo watoto wa mbwa walivyo. Ingia kimya, usimwangalie, pita moja kwa moja hadi nje yeye akufuate, salamu mpeane huko kwa majani, uchuchumae ubavu ubavu badala ya kumwinamia kichwani. Wengi huacha wenyewe wakikua. Lakini kama anakojoa matone matone hata akiwa ametulia, ama anajikamua, ama kuna damu, hiyo si furaha, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Tiles osha kwa sabuni halafu siki, harufu ikibaki atarudia papo hapo.