Kumpendekeza jirani yetu kwa nishani ya taifa

Swali: Mimi ni katibu wa kikundi cha wakazi hapa Kayole, Nairobi. Tunataka kumpendekeza muuguzi mstaafu anayewafunza wanabodaboda huduma ya kwanza, ili atunukiwe nishani ya taifa. Je, ni lazima mbunge atie sahihi? Barua tuiandikeje?

Jibu: Ndugu Katibu, Kifungu cha 132 cha Katiba ya Kenya kinampa Rais mamlaka ya kutunuku nishani kwa niaba ya wananchi na Jamhuri, na Sheria ya Nishani za Taifa ya mwaka 2013 imeunda kamati ya kumshauri. Kinachopimwa ni matendo ya mtu, kama vile ushujaa, kujitolea, uzalendo au mchango wa kupigiwa mfano katika jamii, wala si ukubwa wa anayemsemea. Barua ya mbunge itafaa ikiwa anaijua kazi hiyo kwa karibu. La sivyo, mimi ningethamini zaidi barua ya daktari aliyewapokea majeruhi waliohudumiwa barabarani na wanafunzi wa mama huyo.

Kosa ninaloliona mara nyingi katika mapendekezo ni sifa tupu. Mkiandika kwamba “ni mama mwenye moyo wa huruma anayependwa na wote”, msomaji asiyemjua hana la kushika, kwa sababu maneno hayo yanaweza kusemwa kuhusu maelfu ya watu wema. Elezeni alianza mwaka gani, hufunzia kituo kipi, amewafunza wangapi kwa mujibu wa daftari la mahudhurio, gharama hulipwa na nani, na ni nini kilichobadilika pale stejini tangu aanze. Kila dai liambatane na jina la mtu anayeweza kulithibitisha, akiwa amekubali kuulizwa. Kurasa mbili za namna hiyo zinatosha kabisa.

Daraja la nishani, iwe HSC (Pongezi za Mkuu wa Nchi), OGW (nishani ya juu kuliko HSC) au nyingine, iachieni kamati.

Kabla ya yote, mwombeni mama mwenyewe idhini, kisha mwandike majina yake jinsi yalivyo katika kitambulisho. Kwa kuwa nishani nyingi hutangazwa karibu na Jamhuri Dei, tarehe 12 Desemba, anzeni kukusanya ushahidi mapema mwakani, na mhifadhi nakala yenye muhuri wa kupokelewa, kwani jina lisipotokea mwaka huo mtaweza kuliwasilisha tena pamoja na ushahidi mpya.