Shotokan, Goju-ryu, Wado na wengine: nani ndugu wa nani

Mkuu mleta mada, umesema mtaani kwako kuna klabu mbili, moja Shotokan na nyingine Goju-ryu, kijana wako anataka kuanza na hujui ipi ni "karate yenyewe". Mimi nimekulia kwenye Shotokan, Nairobi. Nilipohamia Dar, dojo (ukumbi wa mazoezi) la karibu lilikuwa la Goju-ryu, nikafunga upya mkanda mweupe, ule wa wanaoanza. Basi nakujibu kwa nilichokipitia.

Zote mbili ni karate yenyewe, na zote chimbuko lake ni Okinawa, ambako kulikuwa na ufalme wa Ryukyu hadi Japani ilipouvunja mwaka 1879. Huko palikuwa na mikondo miwili mikubwa: wa Shuri, mji wa mfalme, na wa Naha, mji wa bandari. Upo na wa Tomari, lakini huo ulikaa karibu sana na Shuri, tuuache.

Shuri mzee wa kumkumbuka ni Itosu Anko. Ndiye aliyeiingiza karate kwenye shule za Okinawa mwanzoni mwa karne ya 20, akatunga kata tano za Pinan (kata ni mfululizo wa miondoko uliopangwa, unaofanywa peke yako) ili wanafunzi wapate pa kuanzia. Mwanafunzi wake Funakoshi Gichin alikwenda Tokyo mwaka 1922 kuonyesha karate, akabaki huko huko, na kazi yake ndiyo tunayoiita Shotokan. Kijana wako akiingia Shotokan atafundishwa Heian. Ni zile zile Pinan za Itosu, ila Funakoshi alibadilisha jina na kuifanya ya pili iwe ya kwanza kwa kuwa ni nyepesi zaidi kwa anayeanza.

Naha kuna Higaonna Kanryo, aliyekwenda kujifunza Fuzhou, China. Mwanafunzi wake Miyagi Chojun ndiye mwanzilishi wa Goju-ryu. Kwa hiyo Shotokan na Goju-ryu ni watoto wa mabinamu: ukoo mmoja, nyumba mbili. Mtu aliyekula nyumba zote mbili ni Mabuni Kenwa. Alifundishwa na Itosu na pia Higaonna, akaunda Shito-ryu, na jina hilo limetokana na majina ya walimu wake hao. Ndiyo maana watu wa Shito-ryu wana kata nyingi kupindukia.

Sasa mwilini. Shotokan ilinizoesha kusimama chini, miguu mbali, na kumfuata mtu kutoka mbali kwa hatua moja ndefu. Paja linawaka moto. Wengi husema mikao hiyo ilizidi kushuka huko Japani, hasa mikononi mwa Gigo, mwana wa Funakoshi, kwa sababu wazee wa Okinawa walisimama juu zaidi. Naliamini hilo, maana nilipoingia Goju-ryu kitu cha kwanza nilichoambiwa ni: panda juu, sogea karibu.

Halafu wakanipa Sanchin. Hatua fupi, vidole vya miguu vimeelekea ndani, unapumua kwa tumbo polepole na kwa sauti, huku mwalimu anakuzunguka akikupiga makofi mabegani na mapajani kuona kama umekaza. Kwa mtu wa Shotokan inaonekana kama hakuna kinachofanyika. Jaribu mara tatu mfululizo kisha tuzungumze. Kuna pia kakie, mnagusana mikono na kusukumana mkitafuta nafasi, na kuna kuinua chi-ishi, ule uzito wenye mpini. Sisi tulijitengenezea: saruji kwenye kopo la rangi, mpini wa jembe ukachomekwa katikati.

Wado-ryu nimeiona kwenye mashindano tu. Mwanzilishi wake, Otsuka Hironori, alikuwa mtu wa jujutsu, mapigano ya Kijapani ya kukaba na kuangusha, kabla hajamfuata Funakoshi, na jujutsu hiyo inaonekana: wanakwepa kwa kugeuza mwili kuliko kuzuia kwa nguvu. Wao Pinan bado wanaziita Pinan.

Mdau mmoja hapo juu ameandika kwamba Kyokushin, mtindo mwingine wa karate, ni kitu tofauti kabisa. Sikubaliani. Mwanzilishi wake Oyama Masutatsu, mzaliwa wa Korea, alipita Shotokan na Goju-ryu, na mtaala wa Kyokushin una Pinan na pia Sanchin. Tofauti iko kwenye kupigana: ngumi na mateke yanafika kweli, bila glovu, ngumi ya usoni hairuhusiwi lakini teke la kichwa ruksa. Kwa mtoto anayeanza sipapendekezi.

Kuhusu ipi ina nguvu zaidi, hilo swali huwa linajaza kurasa bure. Kwenye mashindano ya shirikisho la dunia, WKF, kumite, yaani kupigana wawili wawili, ina kanuni moja kwa wote, na mtu akiwa na glovu na mkanda mwekundu au wa buluu huwezi kujua katokea wapi. Tofauti utaiona kwenye kata.

Mtoto wa chini ya miaka kumi mimi ningempeleka Shotokan, kwa sababu miondoko yake ni mirefu na wazi, mtoto anaielewa upesi. Mtu mzima mwenye magoti mabovu aende Goju-ryu, ile mikao ya chini haina huruma. Lakini mwalimu akiwa hovyo, yote haya hayana maana. Nenda kakae pembeni uangalie kipindi kizima, na chagua siku ya kumite. Tazama kama wakubwa wanajizuia wanapocheza na wadogo, na kama mwalimu anarekebisha mmoja mmoja au anahesabu tu kwa Kijapani. Uliza mapema ada ya mtihani wa mkanda, na cheti kinatolewa na nani. Ujue pia kwamba akihama baadaye mkanda wake huenda usitambuliwe: Goju-ryu hawaanzi na Heian, wanaanza na Gekisai, kata ambazo Shotokan hawana.