Maboksi ya mzee aliyekuwa mchora bustani: ficheni kiberiti kwanza

Mkuu, nimekusoma. Mzee wako alichora bustani za hoteli na maofisi kwa zaidi ya miaka thelathini, katangulia mbele ya haki na kuacha maboksi manne stoo. Kaka yako anataka michoro mizuri itiwe fremu ukutani, halafu risiti, barua na madaftari vichomwe. Naona wengi waliokujibu hapo juu wamemuunga mkono kaka. Mimi nipo upande wako.

Kosa hilo nimeshalifanya. Nikiwa kijana kwenye ofisi moja ya ubunifu niliambiwa nipunguze mafaili. Nikabakiza michoro, nikatupa hati za kupokelea miche, maana zilikuwa chafu, zina matope na alama za vidole vya dereva. Miaka miwili baadaye mteja akaja juu: miti ya upande wa magari inapasua lami. Tukafungua mchoro, unasema mwarobaini. Tukaenda kutazama, imesimama mijohoro. Kitalu kilikosa mwarobaini, mtu akakubali mbadala, na jina lake lilikuwa kwenye karatasi niliyoitupa mimi. Kikao kile sitakisahau.

Baadaye nikabahatika kusoma Marekani, Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, ambako wana hifadhi ya nyaraka za wasanifu. Humo zimo karatasi za kazi za Beatrix Farrand (1872–1959). Mwaka 1899 wasanifu mandhari wa Marekani, yaani wachora bustani na viwanja, walipoanzisha chama chao walikuwa 11, na mwanamke alikuwa yeye peke yake. Ila cheo chenyewe cha usanifu hakukipenda sana, akijiita mtu wa bustani tu.

Huingii kama sokoni. Unaweka miadi, begi linabaki nje, kalamu ya wino marufuku, penseli tu. Unaletewa jalada moja, ukimaliza ndiyo unapata jingine. Nilianza na la mchora bustani Mwingereza, Gertrude Jekyll (1843–1932), maana Farrand alizinunua karatasi za huyu mama na kuzitunza pamoja na zake. Nilitegemea picha za kupendeza. Wapi! Karatasi nyembamba ya kufuatishia, imegeuka rangi ya chai ya rangi, na juu yake maumbo marefu membamba yaliyolaliana kama samaki kwenye tenga. Ndani ya kila umbo jina la mmea na idadi ya miche, kwa mwandiko wa kukutoa machozi. Jalada kama hilo hubeba pia ramani ya kiwanja aliyotumiwa na orodha za mimea. Uzeeni Jekyll hakupenda kusafiri, bustani nyingi alizichora bila kukanyaga hapo, kwa hiyo kila alichohitaji kukijua kilibidi kimfikie kwa posta.

Sasa faida yake. Kule Upton Grey, Hampshire, Uingereza, Jekyll alichora bustani mwaka 1908. Ikaja kumezwa na magugu. Miaka ya 1980 wenye nyumba wapya wakapata nakala za michoro yake kutoka Berkeley, ng'ambo ya bahari, wakaipanda upya wakifuata majina na idadi zilezile. Picha ya fremu isingewasaidia kitu. Kilichowasaidia ni zile namba ndani ya samaki.

Kwa Farrand mwenyewe, kilichonigusa ni barua. Kazi yake kubwa ni bustani ya Dumbarton Oaks, Washington, aliyoianza mwaka 1921 kwa ajili ya Mildred Bliss. Mume wa Bliss alikuwa balozi, kwanza Sweden, kisha Argentina, kwa hiyo bibi mwenye bustani yuko mbali miaka na miaka. Ikabidi kila kitu kiandikwe: ngazi ziwe na upana gani, ua upi uondolewe, kwa nini. Wangekuwa majirani wangemalizana kwa mdomo na leo tusingejua kitu. Tena bustani ilipopewa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1940, Farrand aliandika kitabu kizima cha kuwaelekeza watunzaji: mti huu ukifa weka huu, na huu kazi yake hapa ni kivuli, msiuache unenepe. Mchoro hauwezi kukwambia hivyo. Mchoro unasema mti ulitakiwa uwe wapi, basi.

Na usidhani yeye alikuwa na raha. Alitaka nyumba yake ya Reef Point, kwenye kisiwa kimoja cha jimbo la Maine, Marekani, iwe kituo cha mafunzo. Akiwa mzee akaona hakuna wa kukiendesha akishaondoka. Mwaka 1955 akakivunja mwenyewe, nyumba ikabomolewa, vitabu na karatasi vikapelekwa Berkeley. Uamuzi mgumu ule, lakini alihakikisha maboksi yana kwa kwenda kabla hajafa. Mzee wako hakuwahi, ndiyo maana limewaangukia ninyi.

Basi kwa maboksi yenu. Yatoeni kwenye hiyo stoo ya bati leo, joto na mchwa havingoji arobaini. Yainueni kutoka sakafuni. Msipange kwa uzuri wala kwa tarehe: mlivyokuta mzee kaviweka pamoja, viacheni hivyo, maana risiti ikitenganishwa na mchoro wake inakuwa takataka kweli. Mipira na pini za kutu toeni taratibu, selotepu msiguse, na mchoro uliojikunja kwa miaka msiukunjue kwa nguvu, utapasuka kama chapati kavu. Andikeni kwa penseli nyuma ya kila bahasha jina la eneo. Kaka akitaka fremu, apigiwe nakala, aning'inize nakala.

Umesema pia kuna madaftari ya hesabu za maji na majina ya vibarua. Hayo ndiyo ningeanza nayo. Mtafuteni kibarua mmoja aliye hai, mkae naye na daftari mapajani, awaambie kisima kilichimbwa upande gani na ule mti wa getini uliletwa na nani.