Maswali ya wafugaji nyuki: malkia, pumba na varoa

Maswali mengi ya safari hii yana mzizi mmoja. Mfugaji anafungua mzinga, anaangalia nyuki, anaangalia asali, anafunga. Majana, yaani mayai, mabuu na watoto wa nyuki waliofunikwa kwa nta, hayaangalii. Mimi naamini habari zote za kundi zimo kwenye sega la majana, na karibu kila jibu hapa chini litaturudisha huko.

Kila nikikagua mzinga namaliza nusu saa namtafuta malkia, mwishowe nyuki wanachachamaa. Kuna njia rahisi ya kumpata?

Acha kumtafuta, tafuta mayai. Lipe jua mgongo, inua fremu ya katikati ili mwanga upite juu ya bega lako uingie hadi sakafu ya vijumba, vile vishimo vya sega. Yai ni kama kipande kifupi cha uzi mweupe. La siku ya kwanza husimama wima, la pili huinama, la tatu hulala, kisha huanguliwa. Ukiona yaliyosimama, malkia alipita hapo jana au leo, na kwa ukaguzi wa kawaida hilo linatosha. Funga mzinga wako uondoke.

Malkia mwenyewe mtafute kwa sababu maalumu tu: unagawa kundi, unambadilisha, au unamtia alama.

Nilinunua malkia, nikamwingiza kwenye kundi lililopoteza wake, kesho yake nikamkuta amekufa mlangoni. Nilikosea wapi?

Pole sana. Yalinikuta na mimi, na bado yananiuma. Siku ya pili nilimfungulia malkia kijumba chake cha wavu kwa mkono wangu, kwa sababu tu nilikuwa na haraka ya safari. Ndani ya dakika moja vibarua, yaani nyuki wafanyakazi, walikuwa wamemfunika kwa fundo la nyuki lililobana kama ngumi, lenye joto na mvumo wa chini unaotisha. Nililitumbukiza fundo kwenye maji, likafumuka, lakini malkia alishaumia na hakufika jioni.

Kabla ya kumwingiza hakikisha mambo mawili. Kwanza, kundi liwe halina malkia mwingine, hata bikira mdogo asiyetaga bado. Pili, kusiwe na vijumba vya malkia, vile vikubwa vya kulelea malkia mpya, walivyovianzisha wenyewe. Kagua fremu moja moja, ukung'ute nyuki, maana kijumba kimoja hujificha kwenye kona ya sega. Wakiwa na cha kwao, wa kununua hawamtaki.

Kisha mwache ndani ya kijumba cha wavu siku 3 hadi 5, katikati ya majana. Sasa angalia vibarua walioko juu ya wavu. Wakiwa wameung'ata na kuubana, ukiwasogeza kwa kidole hawabanduki, bado ni maadui, rudisha ungoje. Wakitembea taratibu, ukiwapangusa wanaachia, na wengine wanapitisha ulimi kumlisha, wamemkubali. Hapo fungua upande wa mlango uliozibwa kwa sukari laini, waule wenyewe hadi atoke. Baada ya hapo usiufungue mzinga kwa wiki nzima. Ukiwavuruga mapema, lawama huangukia malkia mgeni.

Nimeona mayai matatu, manne ndani ya kijumba kimoja. Malkia wangu ana nguvu sana?

La. Yaangalie yamekaa wapi. Malkia mpya anayeanza kutaga huweza kukosea siku za mwanzo akaweka mawili, lakini huyaweka chini kabisa, kwenye sakafu. Yakiwa yametapakaa hadi kutani, hao ni vibarua wanaotaga. Tumbo lao ni fupi, halifiki chini. Mayai yao hayakurutubishwa, kwa hiyo yatazaa madume peke yake, na utaona vifuniko vya majana vimevimba kama risasi kwenye vijumba vidogo vya vibarua.

Kundi la namna hii humuua karibu kila malkia unayempa. Wape fremu ya majana yasiyofunikwa kutoka kundi jingine, wiki hii, ijayo na inayofuata. Harufu ya majana ndiyo inayozuia vibarua kutaga. Siku watakapoanza kujenga kijumba cha malkia, umewarudisha. Kama kundi limeshapungua hadi fremu mbili za nyuki, usitoe sadaka majana ya wengine. Kung'uta nyuki wote mbele ya mizinga yenye nguvu, wataomba hifadhi humo.

Vijumba vya malkia vimejaa chini ya masega. Nikivikata, pumba (kundi la nyuki linalohama na malkia) halitatoka?

Huenda likatoka hivyo hivyo. Ukikata 14 ukasahau kimoja, umechelewesha tu. Lakini hatari kubwa ni nyingine: malkia wa zamani kwa kawaida huondoka na pumba mara vijumba vya kwanza vinapofunikwa. Kama ameshaondoka na mayai hayapo, ukikata vyote umeliachia kundi kaburi. Ndiyo maana nasema soma majana kwanza, kisu baadaye.

Halafu si kila kijumba ni cha kugawanyika. Vingi, vikining'inia kwenye kingo za sega, vya umri tofauti, ni pumba. Kimoja hadi vitatu katikati ya sega, huku malkia anataga kidogo, ni kundi linambadilisha mama yao lenyewe. Hapo usiguse kitu, wanajua wanachofanya.

Kwa vya pumba, dawa ninayoiamini ni kugawa kundi kabla halijajigawa. Mtafute malkia (hapa ndipo mahali pa kumtafuta), umhamishe na fremu 2 au 3 za majana pamoja na nyuki wake, fremu moja ya chakula, kwenye mzinga mwingine. Ongeza vibarua wa fremu moja au mbili kwa kuwakung'utia humo, kwa sababu wazee wanaotafuta nekta watarudi mahali walipozoea. Kwenye mzinga wa zamani bakiza kijumba kimoja au viwili vizuri. Nachagua ambavyo havijafunikwa, nione kwa macho kuna buu limekaa kwenye maziwa mengi meupe, chakula chake cha umalkia.

Sasa subira. Malkia hutoka siku ya 16 tangu yai kutagwa. Anahitaji siku kadhaa za kukomaa, siku za hali nzuri za kuruka na kupandwa na madume wengi angani, na siku nyingine kabla ya kutaga. Wiki 3 hadi 4 baada ya kugawa, fungua utafute mayai. Kabla ya hapo unaweza kumkanyagisha, au kumpoteza akirudi safarini akakuta mzinga umefunuliwa.

Nimeokota pumba likining'inia mtini. Lina kitu cha kuhofia?

Pumba jipya limejaza matumbo asali na halina nyumba ya kulinda, kwa hiyo mara nyingi ni tulivu. Vaa vazi lako hata hivyo. Lililokaa siku nyingi nje lina njaa na hasira. Likung'ute kwenye sanduku, ungoje. Vibarua wakijipanga mlangoni, matako juu, wakipepea mbawa kuelekeza harufu nje, malkia yumo ndani na wengine wanaitwa.

Na hili ni la thamani: pumba halina majana yaliyofunikwa. Varoa, wale utitiri wanaowashambulia nyuki, wote wako juu ya miili yao, hawana pa kujificha. Siku zile za kwanza, kabla majana hayajafunikwa, ndiyo nafasi yako bora ya kuwatibu.

Nyuki wangu wanatembea chini mlangoni, mabawa yamekunjamana. Ni sumu ya mashambani?

Mabawa yaliyokunjamana ni alama ya virusi vinavyoenezwa na varoa, utitiri mwekundu-kahawia, mpana kama milimita moja na nusu. Ukiwaona nyuki hao mlangoni, umechelewa, lakini pengine si sana.

Hesabu leo. Toa fremu yenye majana, hakikisha malkia hayupo juu yake, chota nusu kikombe cha nyuki: ni kama 300. Watie kwenye chupa yenye kifuniko cha wavu, ongeza vijiko viwili vya sukari ya unga, zungusha chupa dakika moja, iache kidogo, kisha kung'uta sukari juu ya sinia jeupe lenye maji. Sukari inayeyuka, varoa wanabaki, na utawaona wakichezesha miguu kama kaa wadogo. Nyuki warudishe, ni weupe kwa sukari lakini wazima. Wakianguka 9, maana yake 3 kwa kila nyuki 100, usingoje wiki.

Usijifariji kwa kuangalia nyuki kwa macho. Varoa hukaa chini ya tumbo kati ya magamba, na wengi wao wamefungiwa na majana, wanakozaliana. Hiyo ndiyo sababu asidi ya oksali hufanya kazi vizuri pale tu majana yaliyofunikwa hayapo: haipiti kwenye kifuniko. Asidi ya fomiki hupita, ila joto likizidi huweza kuua malkia. Vipande vya dawa vya kuning'iniza, ukitumia aina ile ile miaka yote, varoa wanavizoea. Tumia dawa iliyosajiliwa kwa nyuki, kwa kipimo cha lebo, na ufuate inavyosema kuhusu asali ya kuvuna. Vaa glavu na miwani. Asidi haina urafiki na jicho.

Bila dawa, unaweza kuwapunguza kwa sega la madume. Varoa hupenda majana ya madume kupita ya vibarua, kwa kuwa hufunikwa muda mrefu. Weka fremu ya madume, na ikifunikwa itoe na kuiharibu. Iandike tarehe. Madume hutoka siku ya 24, na ukisahau utakuwa umefuga varoa kwa mikono yako.

Malkia namtiaje alama, na rangi gani?

Mwaka unaoishia na 1 au 6 ni nyeupe, 2 na 7 njano, 3 na 8 nyekundu, 4 na 9 kijani, 5 na 0 buluu. Jizoeze kwanza kwa madume, hawana mwiba. Mshike kwa mbawa au kifua, kamwe usimbane tumbo, tia tone dogo mgongoni, subiri likauke kabla ya kumrudisha. Akikuponyoka akaruka, simama hapo hapo, acha mzinga wazi. Mara nyingi huzunguka kidogo na kurudi mahali ulipo.