Wadogo zangu, msianze na jedwali

Rasimu za insha zenu za msimu huu juu ya visa vya gharika zimeanza kuingia, na kabla sijafungua nyingi ya hizo najua ukurasa wa tatu una nini. Una jedwali. Safu ya kwanza shujaa, ya pili chombo, ya tatu ndege, ya nne mlima, halafu alama za vema zimeteremka mpaka chini. Kisha inafuata sentensi yetu ya kila mwaka: "Kwa kuwa tamaduni zote duniani zina kisa cha gharika, ni dhahiri kwamba..." Jamani. Nawapenda, na kazi hii naipenda zaidi ya ninavyoweza kueleza, ndiyo maana nawaandikia mapema.

1. "Tamaduni zote" hazina kisa hicho. Anzeni na Misri. Nile ilifurika kila mwaka na watu waliisubiri kwa hamu, maana matope yake ndiyo chakula chao. Wamisri wanacho kisa cha kuangamizwa kwa wanadamu, kimeandikwa hata ndani ya kaburi la farao Seti wa Kwanza, lakini humo mungu wa kike ndiye anayechinja watu, na mafuriko ndiyo yanayowaokoa: bia iliyotiwa rangi nyekundu inamwagwa mashambani, anaidhani damu, anainywa, analewa, anasahau kuua. Hapo alama ya vema mtaiweka safu gani?

2. Ulizeni nani aliandika, lini, na msimulizi alikuwa ameshasikia nini. James Frazer, mwanaanthropolojia wa Uingereza, mwaka 1918, alitilia shaka kama Afrika nzima kuna kisa hata kimoja cha gharika kuu kilicho cha wenyeji wenyewe. Msimpe neno la mwisho, kwa sababu alisoma tu kilichoandikwa na wamisionari na maofisa. Ila shaka yake msiitupe. Chukueni Tumbainot wa Wamasai, anayetajwa katika rasimu nyingi kana kwamba kisa chake kimeshuka bila mkono wa mtu. Kilichapishwa mwaka 1904 na Moritz Merker, ofisa wa jeshi la Kijerumani aliyeamini kwamba Wamasai na Waisraeli wa kale ni wa asili moja. Mtu mwenye imani hiyo anasikiliza kwa sikio gani? Ndani ya kisa mna mtu mwema, sanduku la mbao, wanyama, njiwa, upinde wa mvua. Frazer aliona mafundisho ya wamisionari, na ana hoja. Lakini baada ya njiwa, Tumbainot anamtuma tai mla mizoga, amemfungia mshale mkiani. Tai anarudi bila mshale, na Tumbainot anaelewa: ndege ametua kwenye mzoga, mshale umenasa, kwa hiyo nchi kavu ipo. Huo mshale haumo katika Mwanzo. Ni fikra ya mtu anayemjua tai. Kisa kinaweza kuwa kimeazimwa na bado kikawa na kitu cha mwenyewe, na hicho cha mwenyewe ndicho ninachotaka mkitafute.

3. Msikimbilie matope kama ushahidi wa gharika. Hapa nitakaa, kwa sababu kosa hili lilifanywa na mchimbaji hodari kabisa na linaniuma kila ninapoliona likirudi.

Mwanaakiolojia Leonard Woolley alikuwa akichimba Ur, mji wa kale kusini mwa Iraki. Mwaka 1929, akiwa ameshafukua makaburi ya kifalme, aliamuru shimo literemshwe zaidi. Vigae vya vyungu vikakoma ghafla. Kikafuata udongo safi wa kuletwa na maji, hauna kigae, hauna jivu. Mfanyakazi aliyekuwa chini alisema wamefika ardhi isiyowahi kuguswa na mtu. Woolley akapima vina, akaona bado wako juu mno, akaagiza waendelee. Baada ya takriban mita mbili na nusu za udongo ule, zana za mawe zikatokea tena pamoja na vyungu vya rangi vya zama za Ubaid (takriban mwaka 5500 hadi 3800 KK). Mpaka hapo kila hatua ni ya kuigwa. Angeweza kumsikiliza mfanyakazi akafunga shimo, aliamini kipimo.

Kisha akawauliza wasaidizi wake wale ni matope ya nini. Hawakuwa na jibu. Mkewe Katharine akapita, akaulizwa, akajibu bila kusita kwamba bila shaka ni ile Gharika. Woolley mwenyewe ndiye aliyetusimulia haya. Alikuwa mtoto wa kasisi. Hakuhitaji kuelezwa ni gharika ipi. Magazeti yakalichukua neno hilo, na lilipokwisha kutoka halikurudi tena. Wachimbaji wa Kish, mji mwingine wa kale wa Iraki, nao wakatangaza matope yao wakati huohuo.

Sasa hesabuni pamoja nami. Matope ya Ur ni ya zama za Ubaid. Ya Kish na ya Shuruppak (nao mji wa kale wa huko) yako karibu na mwaka 2900 KK au baada yake, yaani baada ya karne nyingi sana. Hayo hayawezi kuwa maji ya siku moja. Eridu, mji mwingine wa kale, uko jirani na Ur, kilomita zisizofika 30, na ulipochimbwa miaka ya 1940 tabaka la namna hiyo halikuonekana. Ndani ya Ur kwenyewe halikujitokeza katika kila shimo. Mwaka 2014 jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilitambua upya ghalani mwake mifupa ya mtu aliyefukuliwa na Woolley, wa kama miaka 6,500 iliyopita, wakamwita Nuhu. Kaburi lake lilichimbwa ndani ya matope yenyewe. Kwa hiyo maji yalikuja, yakaondoka, na watu wakaendelea kuishi na kuzika hapohapo.

Kwa haki yake, Woolley alisema wazi kwamba hayakuwa maji ya dunia nzima bali ya bonde la Frati na Hidekeli, ambalo kwa wakazi wake ndilo lilikuwa dunia. Vipimo vyake vilikuwa sahihi. Kilichokwenda kombo ni pale swali la udongo lilipojibiwa na kisa kilichokuwa tayari kichwani, na kisa kikageuka ushahidi wa udongo, udongo ukageuka ushahidi wa kisa. Ninyi mnafanya hivyohivyo na gharika ya Bahari Nyeusi waliyoipendekeza wanajiolojia Ryan na Pitman (kama miaka 7,600 iliyopita, wanajiolojia bado wanabishana), na sasa na Korongo la Jishi kwenye Mto Manjano, China, tangu makala ya 2016 iliyodai kuona humo alama za mafuriko makubwa. Someni makala hizo, zina mambo. Ila msiandike "imethibitishwa".

Mkitaka mfano wa kuunganisha kisa na ardhi kwa adabu, someni watafiti Patrick Nunn na Nicholas Reid kuhusu pwani ya Australia, 2016. Walianza na visa vya wenyeji kutoka maeneo 21, visa vinavyotaja ghuba hii na kisiwa kile, kisha wakauliza maji yalipaswa kuwa chini kiasi gani ili maneno hayo yawe kweli. Jibu lao lilifika zaidi ya miaka 7,000 nyuma. Kila kisa kilibaki na pwani yake.

4. Mambo madogo, haraka. Shujaa wa gharika katika kibao cha XI cha utenzi wa Gilgamesh, wa Mesopotamia, ni Utnapishtim. Gilgamesh ni msikilizaji tu. Mwanzo inasema "milima ya Ararati", kwa wingi, na Kurani, sura Hud, aya ya 44, inasema Judi. Kabla ya kuandika "wawili wawili", someni Mwanzo 7:2. Yu wa China msimpe safina: baba yake Gun alijaribu kuyazuia maji kwa kuta, akashindwa, na Yu akachimba mifereji mpaka yakaenda baharini, ni kisa cha kazi na utawala. Na katika kisa cha Huarochirí, milima ya Peru, anayetoa onyo ni llama, mnyama wa mizigo wa huko, na mbweha ana ncha nyeusi mkiani kwa sababu mlimani palijaa na mkia wake ukaloa. Hicho nakiongeza kwa kuwa nakipenda.

5. Someni sababu, kisha someni baada ya maji kukauka. Katika Atrahasis, utenzi wa kale wa Babeli, miungu inachoshwa na kelele. Watu wamezidi, Enlil, mkuu wa miungu, hapati usingizi. Yanajaribiwa maradhi, ukame na njaa kabla ya gharika. Ndiyo maana mwishoni hakuna agano la upinde. Kuna mpango wa kupunguza uzazi: wanawake tasa, makuhani wa kike wasiozaa, pepo anayenyakua vichanga. Ukikomea kwenye chombo, umekosa kabisa kile kisa kinachojibu, yaani kwa nini watoto hufa. Mwanzo inaweka sababu katika uovu na jeuri, na ikimaliza inawaambia watu zaeni mkaongezeke. Maji ni yaleyale, amri imepinduka.

Swali la mwisho ninalowapa kila mnapofungua kisa kipya: nani anapanda? Utnapishtim anapakia jamaa zake na mafundi, kwa sababu anaokoa pia ujuzi wa mji. Manu, katika Shatapatha Brahmana, maandiko ya kale ya Kihindi, yuko peke yake na samaki anayevuta merikebu. Deucalion wa Wagiriki yuko na mkewe Pyrrha, na watu wapya wanatokana na mawe wanayotupa nyuma yao. Katika Mwanzo wana wote watatu wa Nuhu wanaingia pamoja na wake zao. Katika Kurani mmoja anakataa. Baba anamwita, mtoto anasema atakimbilia mlimani, wimbi linawatenganisha. Nuhu anapomwombea kama mmoja wa ahali zake, anajibiwa kwamba si katika ahali zake. Hapo kisa kimeacha kuuliza kuhusu maji, kinauliza udugu ni nini. Andikeni juu ya hilo, kurasa tano, kabla ya kunitajia kisa cha pili.