Bali siku moja: mahekalu na vijiji vya mafundi
Dada umeuliza kama siku moja na mwongoza watalii inatosha kuona mahekalu na vijiji vya mafundi Bali, kile kisiwa cha Indonesia. Inatosha, ila usitake kumaliza kisiwa kizima maana foleni za kule sio mchezo. Shika njia ya mji wa Ubud tu, toka alfajiri uanze na Tirta Empul, hekalu la chemchemi la tangu mwaka 962, watu wanaingia kwenye maji kujitakasa na kwao ile ni ibada ya kweli kabisa, kwa hiyo heshima jamani, sarong unaifunga kiunoni kama kikoi, na mwanamke aliye kwenye siku zake haruhusiwi kuingia. Halafu Goa Gajah, hekalu la kale lenye pango lililochongwa kwenye mwamba. Ukishuka kusini unapita Mas kwa wachonga mbao, Celuk kwa wafua fedha na Batubulan kwa wachonga mawe. Hapo sasa kuwa makini, madereva wengi wanakupeleka duka kubwa wanakolipwa kamisheni, mwambie mapema unataka karakana ndogo, umwone fundi akifanya kazi na hela umpe yeye mwenyewe mkononi. Na kama unaenda Machi au Aprili cheki kwanza Nyepi, sikukuu yao ya ukimya, iko lini, siku hiyo kila kitu kinafungwa mpaka uwanja wa ndege.