Risiva ya mtumba: igeuze kwanza, usome mgongo

Ujumbe umeingia jana usiku kutoka Mafinga: "Mkuu, nina laki tano kamili. Mwanjelwa, Mbeya, nimeonyeshwa risiva mbili za mtumba. Moja ya Japani, chaneli saba, HDMI nne, 280,000, rimoti haina. Nyingine ya Ulaya, chaneli tano, HDMI mbili, 230,000, rimoti ipo. Spika ninazo, za homu thieta yangu ya zamani, mashine yake ilikufa. Nichukue ya chaneli saba, si ndiyo?" Kaambatanisha picha nne, na zote ni za uso wa mashine: kioo, kitasa cha sauti, jina la kampuni.

Hizo picha ndizo wanazotuma wote. Uso hauna siri yoyote. Ungegeuza ile mashine ukapiga picha mgongo, nusu ya jibu ungekuwa umeshalipata mwenyewe. (Na kabla hatujachanganyana: risiva ninayoizungumzia ni ile ya sauti, inayosukuma spika. Ya dishi hapa ni king'amuzi. Na chaneli ni njia za kutolea sauti, kila moja na spika yake, si stesheni za TV.)

Tuanze na umeme. Mgongoni, pale waya wa umeme unapoingilia, kuna maandishi madogo. Ya Japani yatasema AC 100V 50/60Hz, ya Marekani 120V 60Hz, ya Ulaya 230V 50Hz, ambao ndio umeme wetu. Yamaha wana toleo la soko la jumla lenye swichi ya VOLTAGE SELECTOR mgongoni. Ukilikuta, hakikisha swichi imesimama kwenye 220-240 kabla hujachomeka. Usikubali maneno ya "hii ni otomatiki, inakula umeme wowote". Chaja ya simu inaweza. Risiva yenye transfoma kubwa ya chuma haiwezi, labda lebo yenyewe iseme 100-240V.

Mashine ya 100V ukiichomeka ukutani inapokea zaidi ya mara mbili ya kiwango chake. Ukibahatika, fyuzi inakatika peke yake. Usipobahatika, transfoma inaungua, na kuisuka upya si kazi ya kila fundi. Tena risiva nyingi zina transfoma mbili: kubwa ya nguvu na ndogo ya kuamsha mashine. Fundi anasuka ile kubwa kwa 230V, anaisahau ndogo, inaungua siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo ya Japani inahitaji transfoma ya kushusha, na hapo ndipo bei ya 280,000 inapoacha kuwa 280,000. Soma matumizi kwenye lebo ya mgongoni, kisha chukua transfoma yenye karibu mara mbili yake. Lebo ikisema 280W, chini ya 500VA (VA ndiyo namba ya nguvu ya transfoma) usishike, na ikiwa ni transfoma ya bei ya kutupa, panda hata hadi 1000, kwa sababu namba ya kwenye boksi mara nyingi ni ya kujisifu. Angalia pia inatoa ngapi. Nyingi zinazouzwa zinatoa 110V, si 100V. Transfoma haisawazishi umeme, inagawanya tu: siku umeme wa mtaa wenu ukipanda hadi 250V, ile ya 110 itatoa karibu 120V, na mashine iliomba 100. Siku ukishuka hadi 180V, ile ya 100 itatoa 78 na risiva itakuwa inajizima katikati ya mpira. Ndiyo maana stabilaiza inakaa ukutani kwanza, transfoma inafuata, mashine mwisho. Vile vifaa vyepesi visivyo na chuma ndani, vinavyouzwa kwa ajili ya pasi na mashine za kukausha nywele, viache huko huko.

Transfoma ikiachwa imechomekwa inakula LUKU usiku kucha hata kama risiva imezimwa. Na plagi ya Japani ni ya meno mawili bapa, ambayo adapta yake inapatikana kila duka. Mtoto au mgeni mmoja mwenye adapta anatosha kumaliza kila kitu. Ukiichukua ya Japani, adapta hizo zitoe kabisa ndani ya nyumba.

Kuna la redio pia, ambalo muuzaji hatakwambia kwa sababu huenda naye halijui. FM ya Japani inaanzia 76 MHz na kwa mashine nyingi inaishia 90, mpya kidogo 95. Sisi stesheni zetu zinakwenda hadi 108. Maana yake stesheni nyingi hutazipata milele, na hakuna antena itakayokusaidia. Ya Marekani inafika 108 lakini inaruka kwa hatua za 0.2, inatua kwenye namba witiri tu, kwa hiyo stesheni ya 92.6 inaipata pembeni pembeni. Kama redio unasikilizia simu, pita.

Sasa HDMI. Idadi ya matundu haina maana kama hujui yanafanya nini. Risiva za mwanzo zenye HDMI, hasa za miaka ya 2006 hadi 2008, zipo zinazopitisha picha tu kwenda kwenye TV na sauti hazishiki. Muuzaji atakuonyesha picha safi kwenye kioo chake, utalipa, ufike nyumbani spika zinyamaze. Kipimo cha haraka ni nembo za usoni (haya, hapo tu uso una kazi): ukiona Dolby TrueHD na DTS-HD, ambazo ni aina za sauti ya sinema, inashika sauti ya HDMI. Ukiona Dolby Digital na DTS peke yake, na HDMI zipo, ishuku. Kipimo cha uhakika ni kuchomeka chombo kwa waya mmoja wa HDMI, kuzima sauti ya TV, na kusikiliza.

Kisha tazama tundu la HDMI OUT kama pembeni limeandikwa ARC. ARC ilikuja na toleo la HDMI 1.4, lililotoka 2009. Likiwepo, TV inarudisha sauti kwenye risiva kwa waya ule ule, mradi na TV utumie tundu lake lenye ARC. Lisipokuwepo, utatumia kebo ya optiko, ile yenye taa nyekundu, ambayo inabeba Dolby Digital ya chaneli tano bila shida. Ila TV nyingine zinaikata sauti iwe stereo kabla ya kuitoa, na TV nyingi za miaka ya karibuni hazipitishi DTS. Ingia kwenye mpangilio wa sauti wa TV ubadilishe PCM iwe Bitstream au Auto.

Msitoe pesa kwa ajili ya 4K kwenye risiva, wakuu. Chomeka chombo cha 4K kwenye TV moja kwa moja, sauti irudi kwa ARC au optiko. Picha haina haja ya kupita kwenye risiva hata kidogo.

Wati ndizo zinazowapotosha wengi. Usoni au kwenye katalogi imeandikwa wati 100 mara tano. Geuza: matumizi 240W. Mashine inayochukua 240 ukutani itatoaje 500 kwenye spika? Ile 100 ilipimwa chaneli moja ikifanya kazi, nyingine zimelala, na pengine kwa mkwaruzo wa asilimia 10. Kutoka wati 80 hadi 100 unapata desibeli 1 tu, sikio halioni. Kuongeza wati mara mbili ni desibeli 3. Spika ya desibeli 88 (ukelele wake kwa wati moja, mita moja) ukiipa wati 20 za kweli inafika kama 101 kwa umbali wa mita moja, na sebule ya mita nne kwa nne haihitaji hata hizo. Kinachobadilisha ukelele ni spika: ya 90 inahitaji nusu ya nguvu ya ile ya 87. Kwa hiyo mwenye laki tano asiweke zaidi ya nusu kwenye mashine, na chaneli mbili za ziada za ile ya saba ni za kupamba, maana matangazo mengi ya king'amuzi yanakuja stereo hata hivyo. Risiva ndiyo inayoyatawanya kwa Pro Logic II, mtangazaji akabaki katikati na kelele za uwanja zikaenda pembeni, na hilo spika tano zinalimaliza.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kwenye ujumbe wa ndugu yetu ni spika zake, wala si mashine. Spika za homu thieta za boksi moja mara nyingi ni ohm 3 au 4 (ohm ni ukinzani wa spika; ikiwa ndogo, inavuta mkondo mkubwa). Risiva nyingi zinataka 6 kwenda juu, imeandikwa mgongoni juu ya matundu ya spika. Ukiipa ohm 3 mashine ya 6, mkondo unakuwa mara mbili, inachemka, inaandika PROTECT, inazima. Wengine wanaiwasha tena na tena mpaka transista za chaneli ziondoke. Nyuma ya spika kuna lebo. Kama imetoka, pima kwa multimita: ya 8 inasoma kama 6, ya 4 inasoma kama 3.2, ya 3 inasoma chini ya hapo. Plagi zake za rangi utazikata na kuchuna waya, hilo ni dogo.

Na sabufa yake ya lile boksi haitafanya kazi. Haina umeme wake, ilitegemea mashine iliyokufa. Tundu la SUBWOOFER la risiva linatoa alama ndogo tu, si nguvu. Njia ya bei nafuu: sabufa ya kawaida ya mtaani yenye umeme wake na matundu ya RCA nyuma. Toa waya kutoka tundu hilo la risiva, ingiza RCA, spika zake ndogo usizichomeke, kisha kwenye risiva weka mkato wa 80Hz, besi ya chini ya hapo iende kwenye sabufa. Besi yake si ya sinema ya mjini, lakini inatikisa kikombe. Ukikosa hata hiyo, ingia menyu, sabufa iwe NONE na spika za mbele ziwe LARGE, vinginevyo besi yote inapotelea kwenye tundu lisilo na kitu. Menyu hiyo, kwa mashine nyingi, haifikiki bila rimoti. Ya Japani huenda ikaja kwa Kijapani pia.

Dukani nenda na simu, waya wake, spika moja ndogo na multimita. Washa: baada ya sekunde chache usikie "tak" ya relei. Bila spika, sauti sifuri, pima kila chaneli kwa DC: chini ya milivolti 50 sawa, ikifika mamia achana nayo. Kisha hamisha spika chaneli hadi chaneli kwa sauti ndogo sana. Chaneli inayopotea kwenye sauti ndogo na kurudi ukipandisha ina relei iliyoshika kutu, ugonjwa wa kawaida kwa vitu vilivyokaa kwenye unyevu. Fundi anaibadilisha, ila bei ishuke kwanza. Acha ipige nusu saa huku ukichomoa na kuchomeka kila HDMI. Muuzaji akikasirika, hilo nalo ni jibu.

Nyumbani, waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba unatosha sebule yoyote ya kawaida. Kwaruza kwa kisu: weupe ndani ya wekundu ni alumini. Na kile kitambaa cha kufuma juu ya mashine kitolewe, mama atasamehe. Matundu ya juu ndiyo pumzi yake, yanahitaji nafasi ya sentimita kumi au zaidi. Baridi ya Juni haiipozi mashine iliyofungiwa kabatini. Mvua zikianza Novemba na radi zake, chomoa umeme na waya wa antena.

Mkuu wa Mafinga, kwa haya uliyoniambia ningeelekea ya Ulaya, kwa sababu ya volti na rimoti, ila sijui HDMI zake mbili zinashika sauti au zinapitisha picha tu. Rudi Mwanjelwa, nipigie picha tatu: lebo ya umeme, matundu ya HDMI, na namba za ohm juu ya matundu ya spika. Na ya nne iwe nyuma ya spika zako.